Kisiwa cha barafu kilichokuwa na nyuklia kabla yetu

Wasee, kila wiki kuna mtu ananitumia video ya zile nyuklia ndogo. Eti weka moja kisiwani, ongeza upepo na sola, dizeli kwisha. Wazo ni poa. Lakini nusu yake ilishajaribiwa kitambo, na bili ilikuja.

Twende Kisiwa cha Ross, Antaktika, kwenye kituo cha Marekani cha McMurdo. Hakuna jirani wa kukuunganishia stima. Jua likizama Aprili, mnaonana Agosti, kwa hivyo sola ni ya msimu. Mafuta huletwa na meli, tena mpaka meli nyingine ipasue barafu kwanza. Jeshi la majini la Marekani likaona jibu ni nyuklia.

Kinu chao, PM-3A, kilifika vipande vipande mwisho wa 1961. Machi 1962 kikawaka. Kilikuwa kadogo kweli, kama megawati 1.8 hivi, na baadaye joto lake likasaidia kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Hadi hapo, hesabu inaingia.

Shida ni kwamba kilikuwa kinaharibika ovyo. Hitilafu zilizoandikwa zilipita 400, na watu wakakibandika jina la utani, Nukey Poo. Kwa hivyo jenereta za dizeli hazikuenda popote. Mwaka wa 1972 ikapatikana maji yameingia mahali hayafai, wakahofia mabomba yana nyufa. Kukagua tu kungekula pesa mob. Wakakizima moja kwa moja.

Sasa skiza hii. Mkataba wa Antaktika wa 1959 unakataza kutupa taka za nyuklia huko. Ikabidi wabebe kinu chenyewe na maelfu ya tani za udongo na mawe, warudishe kwao Marekani. Usafi uliisha 1979. Miaka kumi ya stima, miaka saba ya kufagia.

Upepo ulikuja baadaye sana. Januari 2010, New Zealand ilizindua mitambo mitatu ya upepo hapo Crater Hill, kila mmoja kilowati 330, ikilisha McMurdo na kituo chao cha Scott. Upepo ukitulia, dizeli inashika. Nyuklia na upepo hazikuwahi kukutana kisiwani.

Je, zingefaa pamoja? Naona ndiyo, kwa sababu nyuklia haingoji jua wala upepo. Lakini gharama yake kubwa ni kujenga, si mafuta. Ukiipunguza kasi kwa sababu upepo umevuma, huokoi doo nyingi. Na mwisho wake lazima ulipiwe.

Ndiyo maana siwacheki watu wa Uyombo, Kilifi, waliokataa nyuklia kabla macho hayajageukia Siaya. Hiyo yetu ni kubwa, lakini swali ni lile lile: nani atafagia, kwa pesa ya nani, na imeandikwa wapi? Antaktika iliandikwa kabla kinu hakijafika. Ndiyo maana ilifagiliwa.

Mimi niliacha chuo katikati. Nilidhani nikitoka getini nimemaliza. Salio la karo bado linanisubiri. Kuanza kitu ni rahisi. Kabla hujaanza, uliza kuacha ni pesa ngapi.