MPIGA KURA NA HABARI ZA MGOMBEA: FUNZO KUTOKA DOWA

Tarehe 16 Septemba, 2025, wananchi wa Malawi walipiga kura, na siku nane baadaye ikatangazwa kwamba Rais Lazarus Chakwera ameshindwa na Profesa Peter Mutharika. Mengi yamesemwa juu ya mshindi na mshindwa. Leo tutazame jambo lisilozungumzwa sana, nalo ni hili: mpiga kura alimjuaje mgombea kabla ya kumpa kura yake?

Swali hilo lina historia, na historia hiyo inasomeka vizuri katika Wilaya ya Dowa, kaskazini ya mji mkuu wa Lilongwe. Humo umo mji mdogo wa Madisi, na humo pia imo Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa na tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko.

Katika enzi ya Dakta Kamuzu Banda, redio ilikuwa moja na chama kilikuwa kimoja. Tangu mwaka 1968 redio hiyo ilitumia lugha mbili tu, Kiingereza na Chichewa. Uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1978 ulipofanyika, wagombea walitakiwa kwanza wafaulu mtihani wa Kiingereza, na majina yao yalipitia mikononi mwa chama. Basi mkulima wa Dowa alipewa jina la mgombea, lakini hakupewa nafasi ya kumpima.

Ukuta huo ulitobolewa kwa karatasi. Tarehe 8 Machi, 1992, barua ya maaskofu wa Kanisa Katoliki ilisomwa makanisani, ikieleza waziwazi maovu ya utawala. Serikali ikaitangaza kuwa ni ya uchochezi. Wananchi wakaendelea kuinakili na kupitishiana. Wapinzani waliokuwa nje nao wakatuma maandishi yao kwa mashine za faksi. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walichagua mfumo wa vyama vingi, na Mei 1994 Bwana Bakili Muluzi akamshinda Dakta Banda.

Hata hivyo, kuwapo kwa vyama vingi hakukuleta mara moja habari za pande zote. Waangalizi wa uchaguzi wa mwaka 2004 na ule wa 2009 waliilaumu redio ya taifa kwa kuupendelea upande wa serikali. Ndipo simu za mkononi na intaneti zilipokuja, wengi wakadhani kwamba sasa tatizo limekwisha.

Ukweli wa mambo ni kwamba halikwisha. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2018, Wamalawi 84 katika kila 100 waliishi vijijini. Huko umeme ni haba, na bei ya kifurushi cha intaneti hushindana na bei ya chumvi na sabuni. Kijana wa Lilongwe hutazama hotuba ya mgombea, husoma majibu ya mpinzani wake, kisha hulinganisha. Mama yake aliyeko Madisi hupata kipande cha sauti kilichopitia simu kumi, asijue kimetoka kwa nani wala kimekatwa wapi. Wote wawili wana kura moja moja. Lakini mmoja amepata habari, na mwingine amepata uvumi wa habari.

Tukio la mwaka 2019 na 2020 linatufundisha zaidi. Uchaguzi wa Mei 2019 ulipopingwa mahakamani, kesi ilitangazwa moja kwa moja na redio. Wananchi wakasikia mashahidi wakiulizwa maswali, na fomu zilizofutwa kwa wino mweupe zikielezwa. Tarehe 3 Februari, 2020, Mahakama ikabatilisha matokeo, na Juni mwaka huo Dakta Chakwera akachaguliwa. Redio ilifaa kwa sababu mwenye simu na asiye nayo walisikia maneno yaleyale, wakaweza kubishana juu yake.

Na sasa tuitazame Dzaleka. Mwezi Desemba 2023 Mkongo wa Dzaleka mwenye simu aliweza kuwasikiliza wagombea wa nchi yake kutwa nzima; lakini Wakongo wa nje waliruhusiwa kupiga kura katika nchi tano tu, na Malawi haikuwamo. Miaka mitano kabla yake, siku moja baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa muda wa majuma karibu matatu, hata ndugu wa Bukavu na Uvira wasiweze kuwajulisha jamaa zao kilichokuwa kikitendeka. Hivyo habari bila kura ni kilio cha mtu aliye nje ya mlango, na kura bila habari ni hatua ya mtu gizani.

Ndugu wasikilizaji, intaneti ni chombo, kama redio na karatasi vilivyokuwa vyombo. Swali la kuuliza ni lilelile la mwaka 1978: ni nani anayekishika, na ni nani asiyefikiwa? Serikali zina wajibu wa kupunguza gharama na kutokata mawasiliano wakati wa kura. Redio za umma zina wajibu wa kuwapa wagombea wote nafasi sawa. Naye mwenye simu ana wajibu wa kumwambia jirani yake habari imetoka wapi. Kuuliza si ujinga. Na mgombea asiyetaka kuulizwa hafai kupewa kura.