Daftari la Chama na Elimu ya Waunda Programu wa Eastlands

Kijana aliyejifunza kuunda programu bila kupitia chuo husifiwa kana kwamba hakufundishwa na yeyote. Sifa hiyo inapotosha. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, mwalimu wake ni kazi inayofanyika mbele ya macho yake, pamoja na majirani watakaomuuliza pesa zao ziko wapi hesabu ikikosewa.

Chukua chama cha akina mama, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Hesabu ya mweka hazina si ya kujumlisha tu. Mwanachama akichelewa hutozwa faini. Akileta nusu, pesa hizo zilipe faini kwanza au mchango? Mwenye mkopo akifikiwa na zamu ya kupokea, deni likatwe papo hapo au lisubiri? Kila jibu ni kanuni, na programu hujengwa kwa kanuni. Aliyewahi kumsaidia mama yake kujaza daftari hilo anajua mambo ambayo mhitimu wa chuo kikuu itambidi aulize. Anachokosa ni lugha ya kompyuta, na hapo ndipo zana za leo zimepunguza ugumu. App Inventor, iliyoanzishwa na Google mwaka 2010 kisha ikachukuliwa na MIT, humruhusu kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini bila kuandika msimbo.

Mafunzo ya namna hii yana mizizi hapa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya iliona tija katika kazi ndogondogo ambazo serikali ilizisumbua, na mwaka 1977 mtafiti Kenneth King alichapisha utafiti wake kuhusu mafundi wa kazi hizo. Hadi leo, mwanagenzi katika karakana za Kamukunji hujifunza kukunja bati kando ya fundi wake, mteja akiwa amesimama hapo hapo.

Ipo kasoro ambayo ujirani hauiponyi. Namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa zinazolindwa na sheria ya data ya 2019, na mtu hajifunzi wajibu wa kuzilinda kwa kutazama daftari. Hapa vyuo vina kazi ya kweli.

Lakini kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, si elimu. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, mfumo unaounganisha programu za watu wengine na M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu. Kufanya majaribio ni bure. Kupokea pesa halisi kunahitaji namba ya Paybill au Till, na kikundi kinachoiomba hudaiwa hati za usajili. Programu ya kijana hukwama hapo, ikiwa imekamilika. Sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii imewapa maafisa wa maendeleo ya jamii kazi ya kuvisajili. Fedha za mafunzo ya kidijitali zingewafaa vijana hawa zaidi iwapo sehemu yake ingemleta afisa huyo mtaani, siku ya mkutano wa chama, akiwa na fomu za usajili.