Kipimo cha Safari

Mji huishi kwa njia zake kama mti uishivyo kwa mizizi yake. Miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Sagana, Karatina, Nyeri, Naro Moru, Nanyuki, Meru na Embu, haingekuwa kama ilivyo pasipo njia zinazoiunganisha. Kwa njia hizo viazi, kabichi na karoti hufika sokoni kabla hazijanyauka. Kwa njia hizo mgonjwa hufika hospitalini na mwanafunzi hufika shuleni muhula unapofunguliwa. Basi ni haki yetu kuuliza swali ambalo watu wengi hulipita kwa haraka: huduma ya usafiri ikisemwa kuwa ni njema, wema huo umepimwa na nani, na kwa kipimo gani? Historia ya sehemu hizi, kwa muda wa miaka zaidi ya 100, inatupa jibu lenye mafunzo.

Mji wa Nyeri ulianzishwa na Waingereza kama boma la kijeshi mwaka 1902. Wakati ule mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani, na kipimo cha safari kilikuwa nguvu za miguu. Reli ya tawi kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Baadaye ikaendelea kupanda kuelekea kaskazini, ikapita Maragua, Sagana na Karatina, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha fika Nanyuki. Lakini tazama jambo hili: reli haikuingia katika mji wa Nyeri. Ilipita Kiganjo, kiasi cha kilomita 10 hivi kutoka mjini. Njia ilifuata wepesi wa ardhi na mahitaji ya mashamba ya walowezi wa Laikipia, wala haikufuata vijiji vyenye watu wengi. Mkulima wa Tetu au Othaya, aliyetaka kupanda gari moshi, alipaswa kwanza kuitafuta stesheni. Hata treni ingekuwa safi na yenye mwendo namna gani, safari ya mtu huyo ilianza kwa uchovu. Hapo tunapata fundisho la kwanza: huduma ya usafiri huanza kupimwa mlangoni kwa msafiri, si mlangoni mwa behewa.

Hata hivyo tusiinyime reli haki yake. Ilileta ratiba, tiketi na mizani. Mtu alijua treni itaondoka saa ngapi na nauli ni kiasi gani, na mzigo wake uliandikwa katika daftari. Treni ilipochelewa, kuchelewa kwake kulijulikana, kwa sababu palikuwa na saa iliyotangazwa ya kulinganisha nayo. Pasipo ahadi iliyowekwa wazi, hakuna awezaye kusema kwamba ahadi imevunjwa.

Lakini kipimo kile kilipima magurudumu kuliko watu. Mabehewa yaligawanywa katika daraja la kwanza, la pili na la tatu, na kwa desturi ya siku za ukoloni rangi ya mtu ndiyo iliyomwonyesha mahali pa kukaa: Mzungu katika la kwanza, Mhindi katika la pili, Mwafrika katika la tatu. Treni iliweza kufika kwa wakati wake, na wakubwa wa reli wakaridhika, huku abiria wa daraja la tatu wameketi wakibanana pamoja na mizigo yao. Saa ilisema kweli, lakini haikusema kweli yote.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliwataka Wakikuyu, Waembu na Wameru wachukue vitambulisho maalum na vibali vya kusafiri. Mwaka 1954 watu maelfu walikamatwa Nairobi na kupelekwa vizuizini au kurudishwa katika wilaya zao. Njia zilikuwapo na magari yalikuwapo, lakini mtu hakuweza kwenda. Mama aliyetaka kumzuru nduguye katika wilaya jirani alihitaji ruhusa. Miaka ile yatuonya tusidhani kuwa barabara nzuri ni sawa na usafiri mzuri. Sifa ya kwanza ya usafiri ni uhuru wa kuutumia, na sifa nyingine zote hufuata nyuma yake.

Hali ya Hatari ilikwisha mwaka 1960, na Uhuru ukapatikana mwaka 1963. Watu walianza kwenda huku na huku kutafuta kazi, elimu na biashara, nayo mabasi hayakutosha. Pengo hilo lilizibwa na magari madogo ya watu binafsi, mengi yakiwa makuukuu, yaliyochukua abiria bila leseni. Nauli yake ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, na kwa kuwa "tatu" kwa Kikuyu ni ithatũ, na sarafu hizo tatu waliziita mang'otore matatũ, magari yenyewe yakaitwa matatu. Polisi waliyakimbiza, lakini wananchi waliyangoja. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kwamba magari hayo yaruhusiwe kuchukua abiria bila ya leseni maalum. Toka siku hiyo matatu ikawa usafiri wa watu wengi. Iliingia katika barabara za udongo ambazo basi halikuzipenda. Ilimchukua mama na gunia lake la viazi kutoka kando ya shamba mpaka soko la Karatina. Lile kosa la reli, la kupita mbali na watu, matatu ilikuja ikalitengeneza.

Lakini matatu nayo ilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa kujaa. Ili tuelewe, hatuna budi kuitazama hesabu ya gari. Mwenye gari humtaka dereva amletee kiasi fulani cha fedha kila jioni. Mafuta hununuliwa kutokana na makusanyo, na kinachobaki baada ya hayo ndicho ujira wa dereva na utingo, au makanga kama aitwavyo siku hizi. Kwa hiyo abiria mmoja wa ziada ni mkate wa nyumbani, na safari moja ya ziada ni karo ya mtoto. Mtu akilipwa kwa kubana na kukimbia, atabana na kukimbia. Abiria aliyeambiwa kwamba ipo nafasi ya mmoja aliingia akakuta watu wanne katika kiti cha watatu, na gari halikuondoka mpaka lijae tena. Sheria ya mwaka 1984 iliyatambua magari haya na kuyataka yawe na leseni na ukaguzi. Hata hivyo msongamano haukukoma, mwendo haukupungua, na ajali ziliendelea kuzitia nyumba nyingi msiba.

Mageuzi makubwa yaliletwa na mtu wa pande hizi hizi za mlima. John Michuki, mbunge wa Kangema katika Murang'a, alikuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano mwaka 2003, alipotoa kanuni ambazo hata leo huitwa kwa jina lake. Kila gari la abiria lilitakiwa liwe na mikanda ya usalama na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Ilikatazwa kuchukua abiria wa kusimama. Ubavuni lilichorwa utepe wa manjano wenye kuonyesha njia ya gari, na dereva na utingo wakavaa sare na beji. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Siku zile magari mengi hayakuwa tayari, na watu wengi walikwenda kazini kwa miguu. Walinung'unika, lakini wengi walivumilia, kwa kuwa walipopata gari walipata kiti kizima na mkanda wake. Ajali zilipungua kwa muda.

Si Kenya peke yake iliyojifunza kwa njia hii. Katika Uingereza, siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1841, treni iliacha njia katika bonde la kuchimbwa la Sonning, na abiria wa daraja la tatu waliokuwa katika mabehewa yasiyo na paa walirushwa nje, baadhi yao wakafa. Bunge likatunga sheria mwaka 1844 iliyotaka kila kampuni ya reli iendeshe walau treni moja kwa siku kwa watu maskini, yenye viti na kinga ya mvua, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili, na kwa mwendo usiopungua maili 12 kwa saa. Ukiilinganisha sheria ile na kanuni za Michuki, utaona kwamba ni ndugu. Zote mbili hazikusema tu, "Huduma iwe bora." Zilitaja kiti, mwendo na kinga, vitu ambavyo kila mtu aweza kuviona kwa macho na kuvihesabu.

Mbona basi kanuni za Michuki zilififia? Miaka ilipopita mikanda ilichakaa, vifaa vya kuzuia mwendo vikachezewa, na abiria wakaanza tena kubanana. Mwezi wa Novemba 2018 Serikali ililazimika kuzitia nguvu upya, na kwa mara nyingine watu wakatembea kwa miguu. Sababu ni mbili. Kwanza, kipimo kilikuwa mkononi mwa askari barabarani, na askari alipogeuza uso, au alipopewa kitu ili augeuze, kipimo kilianguka. Pili, ile hesabu ya jioni haikubadilika. Kanuni zilitaka dereva na utingo waajiriwe kwa mshahara wa mwezi, lakini sehemu hiyo ndiyo iliyofuatwa kwa uchache. Tukimvika mtu sare na kumwachia njaa ile ile, tumebadili nguo tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwakusanya wenye magari katika vyama vya ushirika, yaani Sacco, au katika makampuni. Gari lililo peke yake halina wa kulijibia. Gari lililo katika chama lina ofisi, foleni, na mahali abiria aweza kupeleka mashtaka yake. Katika Nyeri na miji jirani vyama hivi vimezoeleka kwa wasafiri. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, ili leseni na ukaguzi viwe na msimamizi mmoja. Kisha mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, gari la abiria 14 liliamriwa kuchukua watu wanane tu. Abiria alikaa kwa nafasi, lakini nauli ilipanda. Raha ya msafiri ina gharama, na taifa lisilotaka kusema nani atailipa litaona maskini anailipa peke yake.

Mwaka huo huo wa 2020 njia ya reli ya Nanyuki ilikarabatiwa na treni ya abiria ikaonekana tena baada ya miaka mingi ya ukimya. Ujenzi wa kuipanua barabara ya Kenol, Sagana na Marua, yenye urefu wa kilomita 84, nao ulianza. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini barabara pana humpunguzia dereva mzuri taabu, na humwongezea dereva mbaya mwendo. Lami haiwezi kufanya kazi ya adabu.

Ni nini basi kipimo cha haki? Kwa mambo tuliyoyaona, ni maswali ambayo msafiri mwenyewe aweza kuyajibu. Je, gari hufika karibu na kwangu? Je, nauli najulishwa kabla sijaingia, au hupanda mvua inaponyesha? Je, nina kiti changu peke yangu, chenye mkanda unaofunga? Je, mzee, mlemavu na mama mwenye mtoto husaidiwa, au hupitwa kwa kuwa huchelewesha? Je, dereva hulipwa ujira usiomlazimisha kushindana na mauti? Je, nikidhulumiwa, yuko wa kunisikiliza? Na la mwisho, ambalo ni kubwa kuliko yote: je, nitafika salama?

Wewe msomaji kijana huhitaji cheo ili uyaulize maswali haya. Chukua daftari lako, uandike kwa muhula mmoja saa gari lilipotarajiwa na saa lilipofika, nauli iliyotangazwa na nauli iliyotozwa, viti vilivyomo na watu walioketi. Wenzako na wafanye vivyo hivyo katika njia zao, kisha linganisheni. Mkurugenzi wa chama cha magari aweza kulipuuza nung'uniko la mtu mmoja, lakini ni vigumu kuipuuza hesabu ya watu 40 iliyoandikwa kwa uangalifu. Reli ilipima saa, matatu ikapima kujaa, na askari akapima mikanda; abiria mwenyewe ndiye ambaye mpaka sasa amepewa nafasi ndogo ya kupima. Kanuni njema zilitungwa zaidi ya mara moja katika nchi hii, na kila mara zilidumu kadiri watu walivyoendelea kuzidai. Anayelipa nauli na kuhatarisha roho yake ana haki ya kushika mizani.