Jina la Kowalski: Maana Yake na Matamshi Yake

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Mtakatifu Faustina Kowalska, mtawa wa Polandi, aliyezaliwa mwaka 1905, akafa mwaka 1938, na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Wengine wamelikuta jina lake la ukoo katika vitabu vya Kiingereza, lakini humo limeandikwa Kowalski, nao Waingereza hulitamka kwa namna yao. Basi twaona yafaa kueleza jina hili latoka wapi, na kwa nini limekuwa na sura mbili. Maana jina la mtu si sauti tupu. Ni urithi aliopokea kwa baba zake.

Kwanza, maana yake. Katika Kipolandi kowal ni mhunzi, yaani mtu afuaye chuma. Hapo kale kijiji hakikuweza kukaa bila yeye, kwani pasipo mhunzi hapana jembe, wala kiatu cha farasi, wala bawaba ya mlango. Kiishio -ski huligeuza neno liwe sifa, kama sisi tusemavyo "wa mhunzi". Lakini zamani majina yenye kiishio hicho yalikuwa hasa ya mabwana wenye ardhi, nayo yalitokana na majina ya mahali pao. Na uko mji uitwao Kowal, alikozaliwa Mfalme Kazimierz Mkuu mwaka 1310. Baadaye watu wa kazi nao wakakitwaa kiishio hicho. Kwa hiyo si kila Kowalski ni mjukuu wa mhunzi. Wengine walipewa jina kwa ajili ya mahali walipotoka. Leo jina hili limeenea sana, hata Wapolandi wakitaka kumtaja mtu wa kawaida yeyote, humwita Jan Kowalski.

Pili, matamshi. Herufi w ya Kipolandi husomwa kama v yetu, na mkazo huwekwa kwenye silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Basi jina hutamkwa Ko-VAL-ski. Hapa sisi tuna bahati kuliko Waingereza, kwa kuwa Kiswahili nacho hukaza silabi hiyo hiyo, na o na a zetu ni wazi kama zao. Mwalimu akiambiwa neno moja tu, kwamba w ni v, atalisoma vema mara ya kwanza. Mwingereza huisoma w kama ilivyo katika "wali", na ile o ya kwanza huimeza nusu. Wapolandi sauti ya w wanayo, ila huiandika kwa l yenye mkato, yaani ł. Ndiyo maana jina la Karol Wojtyła, Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyezuru Tanzania mwaka 1990, hutamkwa karibu na "Voitiwa".

Tatu, mwanamume ni Kowalski, mwanamke ni Kowalska, na jamaa nzima ni Kowalscy. Sisi hubadili mwanzo wa neno, mtu na watu. Wao hubadili mwisho. Kiingereza hakina desturi hiyo, kwa hiyo katika nchi za Kiingereza mke na binti nao mara nyingi huandikwa Kowalski. Karani asiyejua jambo hili, akiona kaka ni Kowalski na dada ni Kowalska, aweza kudhani si watu wa nyumba moja.

Jina hili lilifikaje kwa Waingereza na Wamarekani? Polandi iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria katika miaka ya 1772, 1793 na 1795, wala haikuwa tena dola huru hata mwaka 1918. Watu wengi wakavuka bahari kutafuta kazi Marekani. Husemwa kwamba makarani wa Ellis Island, lango lililofunguliwa mwaka 1892, waliwabadilishia majina. Sivyo, wao walifuata orodha zilizokuja na meli. Mara nyingi wageni wenyewe ndio waliobadili baadaye, wakichoka kusahihisha watu kila siku. Wengine wakajiita Smith, ambalo kwa Kiingereza ni mhunzi vile vile. Maana ilibaki, lakini njia ya kurudi kwa babu ilifichika.

Nasi tuliwaona Wapolandi karibu. Tangu mwaka 1942 maelfu yao, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Urusi, walipewa makao Afrika ya Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000. Makaburi yao yangaliko, na majina yamechorwa juu yake kwa herufi za kwao. Asomaye pale w kama v humwita marehemu kama mama yake alivyomwita.

Basi, enyi walimu, mnapoita majina asubuhi, msione haya kumwuliza mtoto, "Nyumbani wakuitaje?" Na sisi tuandikao daftari za ubatizo na ndoa tuandike polepole, tukisikiliza kwanza. Herufi moja iliyokosewa leo yaweza kumpoteza mjukuu atakayekuja kuwatafuta wazee wake.