Kijichaka cha Florida kisichopukutisha majani

Katika misitu ya misonobari ya Florida, kwenye mchanga mkavu, huota kijichaka ambacho mpita njia anaweza kukikanyaga bila kujua. Mara nyingi hakivuki magoti. Majani yake madogo yana rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, na hayapukutiki mwaka mzima. Wataalamu hukiita Vaccinium darrowii. Ni bluberi, ila matunda yake ni madogo mno kwa soko.

Bluberi ya sokoni ilianzia kaskazini. Kwa miaka mingi ilichumwa porini tu, kwani waliohamishia vichaka shambani viliwafia. Mwaka 1910 Frederick Coville, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha sababu: mmea huu hutaka udongo wenye tindikali, ule ule ambao mkulima hodari huuona mbovu na kuumwagia chokaa. Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi wa Whitesbog, New Jersey, alisoma kijitabu hicho, akamwandikia barua. Kisha akawapa wachumaji wa porini vibao vyenye tundu la kama milimita 16: aliyeleta kichaka chenye matunda ya ukubwa huo alilipwa, na kichaka kikabeba jina lake. Aina ya Rubel inamkumbuka Rube Leek. Mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza.

Lakini vichaka hivyo hupukutika, na bila saa 800 hivi za baridi chini ya nyuzijoto 7 havichanui vizuri. Florida ikabaki kutazama.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida alianza kukizalisha kile kijichaka cha msituni pamoja na ndugu zake wa kaskazini. Kazi ilidumu miaka. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoka Sharpblue, isiyodai baridi kali. Nasaba hiyo ndiyo iliyofungulia bluberi nchi za joto, zikiwemo nyanda za juu za Kenya.

Ukitaka kuipanda nyumbani, tumia chungu kikubwa chenye matundu, magome ya msonobari yaliyooza, na maji ya mvua. Pima udongo: pH iwe kati ya 4.5 na 5.5. Na lile jivu la jikoni tunalomwagia sukuma wiki, liweke mbali. Huua tindikali, majani yakageuka manjano.