Historia Fupi ya Neno "Menyu" Katika Istilahi za Tovuti

Kila chombo kipya kiingiapo nchini huja na majina yake. Ni wajibu wa waunda istilahi kuyapokea majina hayo, kuyapima, kisha kuyakubali au kuyabadili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu hapo istilahi nyingi zimepita katika chekeche hilo. Katika makala haya tutaeleza safari ya neno moja dogo, menyu, ambalo uteuzi wake unamhusu mkulima wa Nanganga sawasawa na mtaalamu wa kompyuta.

Asili ya neno hili ni Kilatini, lenye maana ya kitu kidogo. Wafaransa walilitumia kwa orodha ielezayo vyakula kimoja kimoja, na Kiswahili kikalipata hotelini. Wataalamu wa kompyuta nao waliliazima kwa orodha ya amri ambazo mtumiaji huchagua. Hivyo neno likatufikia mara mbili: kwanza mezani, halafu kwenye kioo cha kompyuta.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili hakikuwa mwazimaji tu. Mwaka 2005, kundi la waunda programu lililojitenga na mfumo ulioitwa Mambo lilitafuta jina jipya la mfumo wake wa kusimamia maudhui ya tovuti. Likachagua neno letu jumla, likaliandika kwa tahajia ya kigeni: Joomla. Neno lililosafiri kwenda ng'ambo likarudi likiwa limevaa nguo nyingine. Katika mfumo huo menyu si pambo, kwa kuwa kipengele cha menyu ndicho kinachoamua ukurasa upi uonekane na kwa namna gani.

Mwaka 2010, toleo la 3.0 la WordPress lilimwezesha mwenye tovuti kujitungia menyu: kuteua vipengele, kuvipanga, kuvipa majina, na kuweka menyu ndogo chini ya ile kubwa, pasipo kuandika programu. Hapo suala la istilahi lilihama. Awali majina yalitoka kwa fundi wa mbali. Sasa yakawa mikononi mwa ofisa aliyeketi wilayani.

Nchini Tanzania, mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa muundo mmoja, Masasi na Newala zikiwamo. Menyu zake zilikuwa za Kiswahili, zenye majina kama Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Machapisho na Kituo cha Habari. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili ni jambo moja, na kueleweka ni jingine.

Tuchukue mfano wa Nanganga. Hapo ni njia panda: barabara itokayo Lindi huendelea Masasi, na nyingine huchepuka kwenda Ruangwa. Kibao cha njia panda humtajia msafiri mahali aendako. Hakimtajii idara iliyoijenga barabara. Menyu nayo ni kibao. Mkulima anayetafuta taarifa ya mnada wa korosho hana sababu ya kujua kama taarifa hiyo huitwa chapisho au habari. Akikosa njia, atarudi kumtegemea mpita njia mwenye bei yake mwenyewe, na hasara itakuwa juu yake.

Kinyume chake, tazama istilahi stakabadhi ghalani, iliyoenea Mtwara tangu mfumo huo ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007. Maneno yake mawili yana asili ya kigeni, lakini yanataja vitu ambavyo mkulima anavishika na kuviona: karatasi yake na ghala lenye mzigo wake. Ndiyo maana yalishika mizizi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Neno menyu libaki kuwa jina la chombo, kwa kuwa limezoeleka, na orodha ina kazi nyingine nyingi. Lakini majina yaliyomo ndani ya menyu yatokane na shughuli za wananchi: Bei na Minada ya Korosho, Leseni, Shule, Zahanati. Istilahi sanifu ni ile inayomfikisha msomaji aendako.