Kleist Sykes: Askari na Mfanyabiashara

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji kuwa askari wa Wajerumani. Mtoto alifuata nyayo za baba: katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana chini ya kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck.

Baada ya vita aliajiriwa katika reli, chini ya watawala wapya Waingereza. Alipoacha kazi hiyo akawa mfanyabiashara mjini Dar es Salaam, jambo la kujivunia wakati ambapo biashara kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu.

Lakini anakumbukwa zaidi kwa kazi yake ya umma. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha African Association, akawa katibu wake. Wanachama walijenga makao yao kwa kujitolea katika Mtaa wa New Street, sasa Lumumba. Humo ndimo chama cha siasa cha TANU kilimozaliwa mwaka 1954.

Kleist alifariki 1949. Wanawe Abdulwahid na Ally, waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU.